Kilatini Kwenye Mkono wa Marehemu

Jumatano asubuhi karatasi ilikuwa bado mezani pa Inspekta Tholang Mokuoane, na maneno yaliyokuwa juu yake yalikuwa bado yanamsumbua.

*Boves alienos pavi. Septem grando necavit. Ego non fugi.*

Aliyanakili mwenyewe mochwari, herufi kwa herufi, kutoka kwenye tatuu iliyokuwa mkono wa kushoto wa mtu aliyeopolewa katika Mto Mohokare, kando ya mji wa Maseru, siku tano kabla. Maji na mawe vilikuwa vimemfuta uso na ncha za vidole. Mkono ulisalimika kwa sababu ulikuwa ndani ya jaketi zito, na mfukoni mwa jaketi hilo kulikuwa na kitambulisho cha Lefa Thamae, mtu aliyetafutwa kwa miezi minane kwa kumpiga risasi mlinzi wa ghala hadi kufa.

Mke wa Thamae alikuja, akautazama mwili, akalia, akatia sahihi. Mazishi yalipangwa Jumamosi alfajiri. Maiti akishazikwa kwa jina la Thamae, faili ya mlinzi ingefungwa, maana hakuna mahakama inayomshtaki aliye kaburini. Kilichobaki ni kibali cha kumtoa mochwari, na kibali hicho kilikuwa kinangoja sahihi ya Tholang.

'Mapulane Thamae aliingia bila kubisha hodi, blanketi jeusi mabegani.

"Ntate Mokuoane, ng'ombe amefungwa zizini, wajomba wamefika tangu jana, wewe bado unasoma mkono wa mume wangu."

"Keti, 'm'e," alisema Tholang; kwa Kisotho kila mama ni 'm'e, kila baba ni ntate.

"Nimeketi siku tano."

"Nina swali moja tu. Haya maneno yanasemaje?"

Aliitazama karatasi kwa nukta moja. "Ni sala. Kilatini. Ya kumwomba Mungu amlinde."

"Alichorwa lini?"

"Nilimkuta nayo. Tumeoana mwaka wa kumi sasa."

"Alikueleza kila neno?"

"Mume akivua shati, mke humwomba tafsiri?" Alisimama. "Ijumaa saa kumi nakuja na gari. Usiponipa mume wangu, nitalala hapa mlangoni pako, na wanahabari nitawaita mimi mwenyewe."

Alipoondoka, Tholang aliandika kwenye daftari: *Sala. Miaka kumi au zaidi.* Hakuandika kwamba mwanamke yule alikuwa mwongo. Watu wengi hawajui kilichoandikwa kwenye miili ya wenzi wao, na wengine huambiwa uongo na wakauamini.

Lakini kulikuwa na jambo. Utotoni bibi yake alikuwa akimpeleka kanisani, siku ambazo wazee bado waliimba Kilatini bila kutazama kitabu. Tholang alibaki na maneno manne tu ya lugha hiyo: Deus, Dominus, Sanctus, Amen. Aliyatafuta kwenye karatasi moja baada ya jingine. Hata moja halikuwamo. Sala isiyomtaja Mungu, isiyomtaja Bwana, wala isiyo na amina mwishoni, ilikuwa kitu kigeni kwake.

Alimpigia simu Ntate Sehloho, mwalimu wa sekondari aliyekuwa amempa mkuu wa kituo tafsiri iliyo ndani ya faili.

"Mwalimu, uliandika: Ee Mungu, unilishe, uniokoe na maovu saba, nami sitakuacha. Ulitafsiri kwa kutumia nini?"

"Kwa simu, kisha kwa akili yangu. Simu hizi hazifai, ntate. Ilileta upuuzi wa ng'ombe na mvua ya mawe. Nikajua imekosea, nikairekebisha."

"Ulijuaje kwamba imekosea?"

Mwalimu alicheka. "Ntate Mokuoane! Kilatini cha nchi hii kimetoka kanisani. Kisipokuwa sala kitakuwa nini? Mtu atachorwa habari za ng'ombe kwa lugha ya Papa?"

"Huenda," alisema Tholang, na chini ya neno *sala* akaandika: *ng'ombe, mvua ya mawe*.

*

Wachora tatuu wa Maseru aliowapata walikuwa watano. Wa nne, kijana aitwaye Katleho mwenye kibanda nyuma ya stendi ya mabasi, aliichukua picha ya mkono, akaisogeza kwenye taa, akatabasamu.

"Huu ni wangu. Ona mkia wa hiyo G. Mimi tu ndiye ninayeukunja hivyo."

"Wa mwaka gani?"

"Mwaka jana. Mwezi wa nne, baada ya Pasaka."

"Una hakika? Mikono unayoiona ni mingi."

"Mingi, ndiyo, lakini huyu alikuwa peke yake. Ntate, nikueleze kazi hii. Watu wanakuja na Kilatini walichokitoa kwenye simu. Nachora. Baada ya mwezi wanarudi wamekasirika, wameambiwa na padri kwamba mgongoni wameandika upumbavu. Juzi tu nimemfunika mmoja kwa picha ya tai, tai mkubwa kabisa, maana alitaka 'familia kwanza' akawa ameandikwa watumishi wa nyumbani. Sasa huyu bwana wako alikuja na bahasha. Imefungwa kwa nta. Ndani kuna karatasi yenye mwandiko wa kalamu ya wino, na chini yake maagizo: *Fundi asiongeze wala asipunguze. Akimaliza, mwenye mkono arudi nikague.*"

"Arudi kwa nani?"

"Kwa masista. Misheni ya Mahloenyeng, kule juu. Alirudi kweli! Wiki iliyofuata akapita hapa kuniambia sista ameridhika, akaniletea maandazi ya moto. Mteja gani siku hizi anakuletea maandazi?"

"Jina lake?"

"Sikumwuliza. Mkono wake ulikuwa mgumu kama ngozi ya ng'ombe, sindano ilikuwa inalalamika. Yeye hakulalamika."

Tholang alifungua daftari. Mke alisema miaka kumi, fundi akasema miezi kumi na minne. Mmoja kati yao amekosea, au anadanganya. Alipigia mstari maneno yote mawili, akapanda gari kwenda Mahloenyeng.

*

Sista Alfonsina alikuwa na miaka themanini na sita na alikuwa amefundisha Kilatini seminari ndogo kwa miaka thelathini, mpaka seminari ilipoacha kukifundisha. Alimpokea Tholang jikoni, ambako mwenzake, Sista Bernarda, alikuwa akichambua mboga. Chumba kilinukia moshi na sabuni.

Alfonsina alivaa miwani, akaishika picha. Aliigeuza kwenye mwanga.

"Huyu amekufa," alisema.

"Ndiyo, sista."

"Nilijua kwa rangi." Akafanya ishara ya msalaba. "Bernarda, ni yule wa ng'ombe."

Bernarda aliweka kisu chini.

"Wewe ndiye uliyemwandikia?" Tholang aliuliza.

"Mimi na huyu. Hapa mtu mmoja hatafsiri peke yake. Wanakuja wengi, ntate, usione kimya. Wanajeshi, wanasheria, wasichana waliofiwa. Wote wanataka kitu kitakachokaa mwilini mpaka kaburini, basi kosa nalo litakaa mpaka kaburini. Kwa hiyo tuna utaratibu. Mimi nakitia kwenye Kilatini. Huyu simwambii asili yake. Nampelekea chumbani kwake, anakirudisha kwa Kisotho. Kikirudi kama kilivyoondoka, mtu anapewa bahasha. Kisiporudi, tunaanza upya."

"Na hiki kilirudi?"

"Mara ya tatu." Alimtazama mwenzake. "Mara ya kwanza Bernarda alimwingiza Mungu."

"Nilidhani amesahaulika," alisema Bernarda.

"Hakusahaulika. Hakuwamo."

"Kwa Kilatini, Alfonsina? Nilikuwa namsaidia huyo kijana."

"Unaona?" Alfonsina alimgeukia Tholang. "Miaka sitini mtawa, na bado anamfanyia Mungu kazi asiyotumwa. Mara ya pili Mungu alitoka, lakini ng'ombe wakarudi wakiwa wake mwenyewe. *Nilichunga ng'ombe wangu.* Nikasema haidhuru, ni neno moja dogo. Yule mtu akakataa kabisa. Akaniambia, 'Sista, wangekuwa wangu ningekimbia.'"

Tholang aliacha kuandika. "Naomba uniambie yanavyosema sasa. Neno kwa neno, bila kupamba."

Bernarda ndiye aliyejibu. Alifuta mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha: "Nilichunga ng'ombe wa wengine. Saba waliuawa na mvua ya mawe. Mimi sikukimbia."

Nje punda alilia. Tholang aliyaandika maneno hayo, akayasoma kimya, akaelewa ni kitu gani.

"Ni majigambo," alisema. "Ya jando."

"Sehemu yake tu," alisema Alfonsina. "Mwanzoni alikuja na Kiingereza kizuri sana alichoandikiwa na karani fulani, habari za ujasiri na milima. Nikamwambia, baba, haya si yako. Nenda ukaniletee ya kwako, kwa lugha uliyoyawazia. Akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi, akavua kofia, akasimama pale mlangoni, akayasema yote kama alivyoyasema siku alipotoka jandoni mbele ya kijiji. Yote! Kuku wakakimbia. Kisha akachagua mistari mitatu."

"Kwa nini Kilatini, sista? Majigambo ni ya kusikika."

"Nilimwuliza. Alisema huko Maseru anafanya kazi na watu wanaowacheka wachungaji wa milimani. Hakutaka mtu ayasome baa na kuyaimba kwa dhihaka. Lakini alitaka awe nayo. Utotoni aliwahi kutumikia altareni kwa padri mzee, akasema Kilatini ndiyo lugha pekee ambayo hajawahi kutukanwa nayo."

"Na jina lake?"

Masista walitazamana.

"Hatuulizi," alisema Bernarda. "Mtu anayeleta neno kama hilo humwulizi jina. Na majigambo huwa na jina lililotolewa jandoni; hilo nalo alikataa kulitoa. Alisema ni la kuitwa na mama yake tu."

Tholang hakukata tamaa. "Hao ng'ombe saba. Alisema lolote zaidi?"

"Ilinibidi nijue," alisema Alfonsina, "maana radi ina neno lake na mvua ya mawe ina neno lake. Ilikuwa yapata miaka ishirini iliyopita; alikuwa na miaka kumi na saba, peke yake malishoni juu. Aliwachuna wote saba kwa kisu kimoja, siku mbili. Akazifunga ngozi na masikio juu ya punda, akashuka kwa chifu, ili mwenye ng'ombe asije kusema amewauza. Chifu mwenyewe alikuwa mwanamke. Aliyahesabu masikio mara mbili, kisha ndipo akamwambia aketi ale."

Tholang alishukuru, akasimama. Mlangoni Alfonsina alimshika mkono.

"Mnamzika kwa jina gani?"

"La mtu mwingine, sista. Jumamosi. Nisipompata mwenyewe."

*

Kila mnyama anayefia malishoni huandikwa kwa chifu, na masikio yake yenye alama ya mwenye mali huonyeshwa. Alhamisi yote Tholang alikaa na simu na orodha ya wilaya za milimani. Machifu wanawake waliokuwa madarakani miaka ishirini nyuma walikuwa kumi na wawili. Wengine walikuwa wameshakufa, na watoto wao wakasema vitabu vimeliwa na panya. Mmoja alikuwa na kondoo tisa waliouawa na radi. Mwingine alimwambia kwamba polisi wakianza kufuatilia mvua ya mawe, basi wezi wa mifugo waandae sherehe.

Saa kumi na nusu jioni chifu wa Ha Mosuoane, 'M'e 'Mathakane, alimwambia asubiri. Tholang alisikia kurasa zikifunguliwa.

"Novemba, mwaka elfu mbili na tatu. Ng'ombe saba. Mvua ya mawe. Masikio yameonekana."

"Mchungaji ni nani?"

"Hapa kuna mwenye ng'ombe tu, ntate. Mchungaji haandikwi."

"Lakini wewe unamkumbuka?"

"Nilimlisha, nitakosaje kumkumbuka? Alikuwa ananuka damu mpaka mbwa wangu wakamkimbia. Lakini mwenye ng'ombe yule alikuwa na wachungaji watatu wa zamu, wote wembamba, wote wamejifunika blanketi la kijivu. Mmoja alikufa zamani. Mmoja yuko hapa, nimempita leo amelewa. Wa tatu alikwenda huko kwenu mabondeni kutafuta kazi. Mama yake yupo, 'M'e 'Masechaba Lesaoana. Njoo mwenyewe. Jambo kama hilo halisemwi kwa simu."

*

Alifika Ha Mosuoane Ijumaa saa sita mchana, theluji ikiwa bado kwenye vivuli vya mawe. Njiani alikuwa amepanga jinsi ya kuuliza. Akianza na habari ya kifo, mama atatambua chochote atakachoonyeshwa, kwa sababu huzuni haina macho. Akianza na maneno sahihi, mama anaweza kuitikia kwa heshima ya mgeni. Kwa hiyo aliamua kuuliza kama masista walivyofanya kazi yao.

'M'e 'Masechaba alikuwa mfupi, mweusi wa moshi, mkavu. Alimpa kigoda na bakuli la mtama uliochemshwa na maharage. Tholang alikula kwanza.

"'M'e, nina maneno hapa. Sijui ni ya nani. Nitayasema, wewe uniambie kama unayajua. Kama huyajui, nitakushukuru kwa chakula na kuondoka."

"Sema."

"*Nilichunga ng'ombe wangu. Saba waliuawa na mvua ya mawe—*"

"Sivyo," alisema mama.

"Sivyo vipi?"

"Ng'ombe wangu, ng'ombe wangu! Alikuwa na ng'ombe gani? Hakuwa hata na kuku." Alikuwa amekasirika kabisa. "Nani amekufundisha vibaya hivyo? *Nilichunga ng'ombe wa wengine. Saba waliuawa na mvua ya mawe. Mimi sikukimbia.*" Alivuta pumzi, akaendelea, na sasa hakuwa akimwambia Tholang. "*Mimi Lekena, mwana wa mwanamke aliyebaki. Kisu kimoja, ngozi saba. Chifu, hesabu masikio. Hesabu tena. Halipungui hata moja.*"

Alifika mwisho. Alimtazama Tholang mikononi, kisha usoni.

"Haya yalisemwa mara moja tu, siku waliyotoka jandoni. Wewe umeyapata wapi?"

Tholang alishuka kwenye kigoda, akaketi chini, kama inavyompasa mleta habari za kifo. Mama alipoona ameketi chini, hakungoja asemeshwe.

"Amekufa."

"Ndiyo, 'm'e."

Hakulia. Alilivuta blanketi, akalifunika goti moja, akalifunua, akalifunika tena. Tholang alisubiri mpaka mikono yake ilipotulia.

"Mara ya mwisho alikuambia nini?"

"Alipiga simu kwa mwenye duka, wiki mbili sasa. Alisema amepata rafiki. Rafiki amempa jaketi zito, zuri kuliko yote aliyowahi kuvaa, na kazi ya kulinda mzigo ukingoni mwa mto. Alisema kimo chao ni kimoja, jaketi limemkaa kama alishonewa."

"Alitaja jina la huyo rafiki?"

"Alisema ni Ntate Lefa. Nikamwambia amshukuru."

Tholang aliandika neno kwa neno, akamsomea, naye akaitikia kwamba ndivyo. Kisha akatoka nje, akapanda hadi penye ukuta wa zizi, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Alimpigia kwanza Konstebo Lineo kituoni.

"'Mapulane Thamae atafika saa kumi na gari. Mkaribishe, mpe chai, asiondoke. Usimwulize mume wake alikuwa nani. Mwulize yuko wapi."

"Yuko wapi? Afande, si yuko kwenye jokofu?"

"Mwulize hivyohivyo."

Alipogeuka alimkuta mama amemfuata, amesimama nyuma yake kwenye upepo.

"Yuko wapi sasa?" mama aliuliza. "Nani anakesha naye?"

"Yuko mochwari, Maseru. Hakuna anayekesha naye, 'm'e. Mguuni wamemfungia jina la yule aliyempa jaketi."

"Basi mwondolee."

Tholang alipiga simu mochwari. Alipokea Ntate Jobo, mlinzi wa zamu.

"Ntate Jobo, yule wa Mohokare. Kata kile kikaratasi cha Thamae."

"Nimekata. Niandike nani?"

Tholang alimpa mama simu. Aliishika kwa mikono yote miwili, mbali kidogo na sikio, kana kwamba ilikuwa ya moto.

"Khethang Lesaoana," alisema, jina alilompa yeye mwenyewe alipozaliwa.

"Rudia, mama. Kuna upepo."

"Khethang Lesaoana."

"Khethang nani?"

Mama alifunga blanketi kifuani kwa pini, akasimama wima, akageukia upande wa mabonde. Alilisema jina kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo, na Ntate Jobo aliposema ameshaandika, yeye alikuwa bado anaita.